Muhula Niliofundisha Shati

Kosa langu la kwanza kubwa katika ualimu ni hili: kwa muhula mzima nilifundisha shati nikidhani nafundisha mtoto.

Nawaambia ninyi mnaoanza kazi, na hasa wewe usiyepata usingizi kwa sababu andalio la somo la kesho halijakaa sawa. Nami nilikuwa hivyo. Niliingia ualimu kwa mlango wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, yaani nilimaliza la saba, nikapewa chaki, nikaambiwa nitajifunza kufundisha huku nikifundisha. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada na redio ya shemeji yangu. Kwa hiyo niliishi na hofu kwamba siku moja mtu atasimama nyuma ya darasa langu na kusema, huyu si mwalimu, mtoeni. Hofu hiyo niliituliza kwa unadhifu. Madawati yangu yalinyooshwa kwa kamba. Tarehe niliiandika ubaoni kwa kutumia rula. Mtoto akitoka nje ya mstari, anaandika upya.

Shule yetu ilikuwa kijijini, wilaya ya Bariadi, upande wa Ngulyati, na darasa langu la pili lilijaa mpaka madirishani. Humo alikuwamo mtoto aitwaye Masanja Nkwabi, ambaye hakukosa shule hata siku moja. Wenzake walipotea wakati wa kupalilia pamba, wakapotea tena wakati wa kuvuna. Masanja yupo. Ila alikuwa na ugonjwa wa ajabu. Leo anajua kutoa kwa kuazima, kesho hajui. Leo anaandika kwa mkono wa kulia, kesho kwa wa kushoto. Siku hizo mkono wa kushoto tuliuona kama tabia mbaya ya kukomeshwa mapema, basi nilikuwa nikimgonga vidole kwa rula, si kwa nguvu. Kesho yake anaandika kwa kulia, vizuri kabisa, nami nafurahi. Keshokutwa wa kushoto umerudi. Nilishawatangazia wenzangu ofisini kwamba nimegundua njia ya kutibu mkono wa kushoto, imebaki tu kuifanya idumu.

Mwisho wa muhula nikampa zawadi ya mahudhurio, penseli mpya yenye kifutio. Shule ilipofunguliwa akaja na nusu yake.

"Masanja, penseli niliyokupa umeifanyaje?"

"Nimeikata, mwalimu."

"Nusu nyingine iko wapi?"

Akafikiri kidogo. "Iko machungani."

"Inafanya nini machungani?"

"Inachunga."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikajua nimedharauliwa. Baada ya vipindi nikamwambia atangulie, twende kwao. Tulipofika lamboni tukakuta ng'ombe wanakunywa maji, na juu ya kichuguu amekaa mtoto kifua wazi, nusu penseli ameichomeka sikioni. Uso uleule. Kichwa kilekile kilichonyolewa. Aliponiona akateremka, akaninyooshea mkono wa kushoto kunisalimia, halafu akakumbuka rula, akauficha nyuma na kutoa wa kulia.

Hawakuwa mapacha. Walipishana mwaka mmoja tu. Huyu mwingine aliitwa Njile. Shati la shule lilikuwa moja, na kila asubuhi lilikwenda shule bila kukosa. Mwenye zamu ndiye aliyeingia ndani yake.

Baba yao, Mzee Nkwabi, hakuona aibu yoyote. Alinipa kigoda, tukasalimiana, "Mwadila, mwalimu," kwa utaratibu wote, kisha akanieleza kama mtu anayemfundisha mgeni njia.

"Jirani yangu aliandikisha watoto wawili," alisema. "Ana ng'ombe kama mimi. Wakawa wanakuja kwa zamu. Mkamwita kwenye baraza la kata, eti watoto wake wote wawili watoro. Mimi nikaona hapana, hawa walimu nitawapa mtoto mmoja asiyekosa. Je, amekosa?"

"Hajakosa."

"Sasa ugomvi wetu uko wapi?"

 Nilikwenda nalo jambo hilo kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Limbu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi kuliko semina zote nilizohudhuria. Alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka.

"Nkwabi achague mmoja," akasema. "Mwingine abaki nyumbani moja kwa moja. Asiyeandikishwa hakuna atakayemuulizia. Aliyeandikishwa akakosa, mkaguzi ataniuliza mimi."

Mzee Nkwabi alipopata ujumbe huo akanirudishia. "Chagua wewe, mwalimu. Wewe ndiye unayejua nani ana akili. Mimi nawajua kwa kula tu."

Hapo ndipo nilipokuwa, vijana, kabla ya kusafiri: watoto wawili, nafasi moja, na uamuzi umewekwa kwangu. Kwa jinsi nilivyokuwa, nilianza kutunga mtihani wa kuwashindanisha. Niliuandika, nikaufuta, nikauandika tena. Kila nikiumaliza naona unampendelea mmoja. Nikamwomba Mwalimu Limbu anipe muda mpaka nirudi safari.

Safari yenyewe ilikuja hivi. Walimu fulani wa Denmark walikuwa na urafiki na shule chache za wilaya yetu, wakituandikia barua kwa Kiingereza. Mwalimu Limbu alikuwa akinitupia barua zile kwa sababu wengine walizikimbia. Nilikuwa najibu, kila jibu nikiliandika mara nyingi kabla ya kulituma. Walipoomba mwalimu mmoja aende akae nao wiki kadhaa aone wanavyofundisha, na mmoja wao baadaye aje kwetu, jina pekee walilolijua lilikuwa langu.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Sabuni na sukari hazikuwa tena za kupanga foleni, wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia na mizani zao, na shuleni wazazi walitakiwa kuchangia kila kitu. Mshahara wa mwalimu haukufika mbali. Kila mwalimu ikifika mchana alikuwa na shughuli nyingine. Mimi nilikuwa na kibanda cha mitumba sokoni Somanda. Suti ya safari niliichagua kwenye mzigo wangu mwenyewe, nzuri, ina kitambulisho cha duka la Ulaya ndani ya kola. Mwalimu Limbu aliigusa bega akasema, "Hii inarudi kwao. Wewe unaisindikiza tu."

Nikapanda lori la pamba hadi Malampaka, nikakaa kituoni nikisubiri treni huku suti nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni isishike vumbi, nikateremka Dar es Salaam, na ndege. Hiyo ndege siisimulii, maana nilifumba macho.

Mwenyeji wangu aliitwa Kirsten, mwalimu wa makamo, mwenye nywele fupi. Nilikwenda na kamba yangu ya kupimia madawati. Nilitaka kupima kila kitu na kukirudisha Bariadi kikiwa kamili. Siku ya kwanza watoto waliingia darasani wakimwita Kirsten kwa jina lake, na mmoja akapanda juu ya meza kufungua dirisha. Nilisubiri aadhibiwe. Alishukuriwa.

Hawakuwa na sare. Kila mtoto na rangi yake. Nikamuuliza Kirsten, kwa nia safi kabisa, "Sasa mnawatambuaje?"

Akanitazama kuona kama natania. "Kwa nyuso zao," akasema.

Nilijifanya naandika.

Nilikuwa na maswali mengi, maana kila kitu kilikuwa kigeni, na swali moja lilizaa jingine. Nikauliza nani wa kwanza darasani.

"Wa kwanza kwa kitu gani?"

"Kwa jumla."

"Hatuna jumla," akasema. "Huyu anasoma haraka. Yule anajua ndege wote. Wa pale nyuma mama yake alihama nyumbani, mwaka huu kazi yake ni kufika tu."

Huko watoto wadogo hawakupewa nafasi za mtihani, wala hawakurudishwa darasa. Na mwalimu hakubadilishwa kila mwaka kama kwetu. Kirsten alikuwa na watoto walewale tangu darasa la kwanza, na sasa walikuwa la tano. Nilimwuliza kama hawachoki kuonana. Akasema huchoka sana, kama ndugu.

Siku ya kazi za mikono nilitaka kumsaidia mtoto mmoja kukata karatasi. Mkasi wake ukagoma. Unatafuna karatasi tu, haukati. Nikamwambia Kirsten kwamba shule tajiri kama hii ina mkasi mbovu.

"Si mbovu," akasema. "Si wako. Ni wa mkono wa kushoto."

Sikuwahi kusikia kitu kama hicho. Mtu amekaa kiwandani akafikiria vidole vya mtoto wa mkono wa kushoto. Nikauomba, nikaufungua na kuufunga, nikatazama jinsi wembe wa juu ulivyogeuzwa upande. Kisha nikasimulia habari za Masanja anayesahau kila siku ya pili, na penseli, na lambo. Sikukusudia. Nilikuwa nimepanga kueleza mambo mazuri tu ya shule yetu.

Kirsten hakucheka nilipodhani atacheka. Aliniuliza, "Na huyu wa pili, ulikuwa unamwita nani?"

"Masanja."

"Naye anaitika?"

"Anaitika."

 Jumapili ile akanipeleka kwa baba yake, mzee aliyeitwa Anders, aliyekuwa mkulima maisha yake yote. Kirsten alitaka nimsimulie mzee kisa kile. Mzee hakujua Kiingereza, Kirsten akawa katikati yetu. Kwanza alitaka kujua baba yangu ana ng'ombe wangapi. Kwetu hilo halijibiwi kwa hesabu, nikasema, "Wapo." Mzee akafurahi sana, akasema hata babu yake hakuwahi kumwambia mtu wa kodi zaidi ya hapo.

Nilipofika kwenye habari ya zamu, akaweka kikombe chini.

"Mimi nilisoma hivyohivyo," akasema.

Nilidhani Kirsten amekosea kutafsiri. Mzee akaendelea. Kijiji chao kilikuwa na chumba kimoja cha darasa na mwalimu mmoja. Nusu ya watoto siku moja, nusu nyingine siku ya pili, maana nyumbani kazi zilikuwa nyingi. Kiangazi ndipo walipoonekana shuleni kwa nadra zaidi, kwa kuwa yeye na wenzake walikuwa machungani na ng'ombe wa watu, pekupeku, wakilia kwa upweke. Akanionyesha kovu la kamba kwenye kiganja.

"Walimshtaki baba yako kwa utoro?" nikauliza.

"Kwa nini washtaki? Ndiyo ilikuwa ratiba. Mwalimu aliipanga akijua ng'ombe wapo."

Vijana, nilikuwa nimekuja na kamba kupima nchi ambayo niliamini ilizaliwa ikiwa na madirisha ya vioo. Haikuwahi kunijia akilini kwamba shule ile ilikuwa na utoto. Nilimuuliza mzee maswali mpaka Kirsten akachoka kutafsiri: walipeanaje masomo, nani alimwambia nani walikofikia, mwalimu alirudia au hakurudia. Mwalimu alirudia, akasema mzee, na wa siku ya pili walipata somo zuri zaidi kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha kukosea kwa wale wa jana.

Kirsten alinipa ule mkasi niondoke nao. Mtihani wa kuwashindanisha wale watoto niliutupa kwenye pipa la taka uwanja wa ndege.

Nilirudi, nikamkuta Mwalimu Limbu ofisini. Nikamweleza yote kwa mpangilio niliouandaa ndani ya treni kutoka Dar hadi Malampaka.

"Kwa hiyo wazungu wanasema watoto wakose shule," akasema.

"Hapana, mkuu. Nasema tuwe na mikondo miwili. Darasa la kwanza na la pili, nusu asubuhi, nusu mchana. Shule za mjini zenye watoto wengi zinafanya, na wakaguzi wanakubali. Darasa langu limejaa, sababu tunayo. Masanja asubuhi, Njile mchana. Mmoja anasoma, mmoja anachunga, na kila mmoja anafika kila siku."

"Mkondo wa mchana nani atafundisha?"

"Mimi."

"Na Somanda?"

Alijua. Wote walijua kwamba kibanda kile ndicho kilichonilisha, si chaki. Nilikuwa nimelifikiria hilo njia nzima, nikasema kibanda kitafunguliwa Jumamosi tu. Akanitazama, akakohoa.

"Ungemnunulia shati la pili ingekuwa rahisi zaidi kwako."

"Shati ningekuwa nimelipata, mkuu. Ng'ombe wangebaki bila mchungaji."

"Haya," akasema. "Lakini mkaguzi akija, hotuba hiyo ya treni utaitoa wewe."

Mzee Nkwabi tulipomweleza aliuliza jambo moja tu, kama atapelekwa barazani. Nikamwambia hapana. Akasema basi afadhali, maana alikuwa ameanza kuwaogopa watoto wake mwenyewe, kila jioni wakimtazama kujua nani kachaguliwa.

Siku ya kwanza ya mkondo wa mchana niliingia na orodha mpya. Nikaita majina. Nikafika, "Njile Nkwabi."



Nilimwona kabisa, amekaa mbele, ndani ya shati lile lililokuwa bado na jasho la mwenzake. Nikarudia. Anatazama mlangoni amwone huyo Njile anayeingia.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanihurumia. "Mwalimu," akasema, "huyu ndiye yule Masanja wa pili."

Darasa zima lilikuwa linajua tangu mwanzo. Walinitazama muhula mzima nikitibu mkono, wakaninyamazia.

Nikachukua ule mkasi, nikauweka juu ya meza. Nikasema ni wa mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto, aje auchukue. Njile alitazama mikono yangu kwanza kama nimeshika rula. Kisha akaja, taratibu, akautia vidoleni, akakata ukingo wa gazeti nililompa. Ukakata moja kwa moja, bila kutafuna. Nikaita tena, "Njile Nkwabi," na safari hii akaitika.

Mkondo wa mchana haukuwa rahisi, nisiwadanganye. Joto la saa nane linawalaza watoto. Njia niliyoipata ni kuanza na hesabu za kusimama na kutembea, kusoma baadaye. Shati lilibadilishwa lamboni, katikati ya njia, na mara nyingine lilichelewa kwa sababu ng'ombe walikuwa wameingia kwenye pamba ya mtu. Nilijifunza kutomwuliza mtoto kwa nini amechelewa kabla hajanywa maji. Na mzee Anders alisema kweli: somo la mchana lilikuwa zuri kuliko la asubuhi, karibu kila siku. Kirsten alipokuja kwa zamu yake kututembelea, alikaa nyuma ya darasa, mahali pale nilipokuwa namwogopa yule mtu wa kunitoa. Alichotaka kujua zaidi ni jinsi Njile anavyopokea shati na habari za asubuhi kwa pamoja. Akatuomba twende lamboni akaone. Masanja alivua shati huku akimwambia mdogo wake, kwa Kisukuma, walipofikia kwenye hesabu za kugawanya, na Njile akibishana naye kwamba haiwezekani ibaki saba. Kirsten aliniuliza wanasema nini. Nilimwambia hicho ndicho kipindi changu cha tatu, nami sikifundishi.

Kibanda cha Somanda kilikufa ndani ya mwaka. Tulikula viazi vitamu vingi nyumbani kwangu.

Wote wawili walimaliza la saba. Masanja alifaulu, sasa ni bwana afya wilaya nyingine. Njile hakufaulu, na mpaka leo ng'ombe anao yeye. Ukimwuliza wangapi, wapo. Mkasi anao pia, na nyumbani kwake hakuna anayeweza kuutumia isipokuwa yeye na binti yake mdogo.

Nimestaafu. Bariadi ya leo ni makao ya mkoa, wakati ule tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Michango ile ya shule imeondolewa, malisho yamekuwa haba, madarasa yameongezwa, na mkondo wa mchana pale shuleni haupo tena. Binti wa Njile yuko darasa la pili. Ameandikishwa kwa jina lake, ana shati lake, na anaandika kwa mkono wa kushoto.